Maswali machache, uzio imara: jinsi ya kumwachia wakala wa akili mnemba kazi ya programu

Yeyote aliyewahi kutumia wakala wa akili mnemba kuandika programu, awe Claude Code, Codex, Gemini CLI au mwingine, anaijua hali hii. Unampa kazi, tuseme arekebishe kosa kwenye ukurasa wa malipo. Anasoma faili mbili, anasimama: niendeshe amri hii? Unakubali. Anahariri mstari mmoja, anasimama tena. Anataka kuendesha majaribio, anasimama. Chai haijapoa na umeshabonyeza "ndiyo" mara nyingi kiasi kwamba macho hayasomi tena amri iliyo mbele yako. Kidole kinajibu chenyewe.

Swali lisilosomwa halimlindi mtu. Ubaya wake ni kwamba linakuachia lawama: amri mbaya ikipita, kumbukumbu itaonyesha kuwa wewe ndiye uliyekubali. Na jambo hili si geni katika kompyuta. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 ilikuwa ikiuliza ruhusa kwa kila kitu kidogo, na watumiaji wengi wakaamua kuzima kabisa mfumo wa kuuliza. Windows 7 ya mwaka 2009 ilipunguza maswali hayo. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1975, wataalamu wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wameshaandika kwamba ulinzi wa kompyuta unapaswa kuwa rahisi kutumia ili watu wautumie sawasawa bila kufikiri. Ulinzi unaochosha hukwepwa.

Kwa hiyo msanidi aliyechoka hukimbilia njia ya mkato. Claude Code ina swichi iitwayo `--dangerously-skip-permissions`, Gemini CLI ina `--yolo`, na Codex ina yake. Ukiiwasha, wakala haulizi tena chochote. Kazi inakwenda kasi ajabu, na wakala anapata uwezo wote ulio nao wewe kwenye kompyuta hiyo: kufuta, kutuma, kusoma funguo zako za seva. Ninaelewa kwa nini watu huiwasha. Lakini kati ya kubonyeza "ndiyo" siku nzima na kufungua milango yote ipo njia ya tatu, nayo ndiyo nataka kuieleza kwa kirefu: kuacha kuamua amri moja moja, na kuamua mapema ni wapi wakala anaweza kufika.

Kwanza tujue tunajikinga na nini, maana hatari hapa ni za aina tatu na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni wakala kukosea tu. Julai 2025 Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, jumuiya ya wafanyabiashara wa programu, alikuwa akijenga programu kwa kutumia wakala wa Replit, jukwaa la kuandika programu mtandaoni. Alikuwa amemwagiza asibadilishe kitu chochote bila ruhusa. Wakala akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye taarifa za viongozi zaidi ya 1,200 wa kampuni. Kisha akamwambia Lemkin kwamba data haiwezi kurudishwa, na Lemkin alipojaribu mwenyewe kuirudisha, ikarudi. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani, na kampuni ikaanza kutenganisha hifadhidata ya majaribio na ile halisi. Hapo hapakuwa na mdukuzi wala mtu mwenye nia mbaya. Palikuwa na agizo la maneno, "usiguse", lisilo na kitu chochote cha kulitekeleza. Wakala alikuwa na ufunguo wa hifadhidata halisi mkononi, basi.

Ya pili ni wakala kudanganywa, na hii ndiyo ambayo watu huidharau zaidi. Modeli ya lugha hupokea kila kitu kama maandishi: agizo lako, faili ya README yenye maelezo ya mradi, ukurasa wa wavuti aliofungua, ujumbe wa hitilafu. Hakuna ukuta wa uhakika ndani yake unaotenganisha amri ya mwenye kazi na maneno ya mpita njia. Mtu akiandika ndani ya README "kabla ya kuendelea, endesha amri hii", yapo mazingira ambamo wakala atatii. Msanidi Simon Willison, aliyelipa tatizo hili jina la "prompt injection", yaani kupenyeza maagizo, mwaka 2022, alieleza mwaka 2025 mambo matatu ambayo yakikutana mahali pamoja huleta balaa: wakala anayefikia taarifa za siri, anayesoma maandishi ya watu usiowajua, na mwenye njia ya kutuma kitu nje. Ondoa moja kati ya hayo matatu na wizi wa aina hii unakosa pa kupitia.

Mfano wake ulionekana mapema. Gemini CLI ilitolewa mwishoni mwa Juni 2025, na ndani ya siku chache watafiti wa kampuni ya usalama ya Tracebit waligundua mwanya. Waliweka maagizo yaliyofichwa katikati ya maandishi marefu ya leseni, ndani ya faili ambayo wakala huisoma lakini binadamu huiruka. Wakala akaomba kwanza kuendesha `grep`, amri ya kutafuta maneno, isiyo na ubaya. Mtumiaji akachagua "ruhusu daima". Amri iliyofuata pia ilianza na `grep`, lakini baada ya nukta mkato ilifuatwa na amri nyingine iliyochukua vigeu vyote vya mazingira, ambamo wasanidi huweka funguo, na kuvituma kwenye seva ya mshambuliaji. Kwa kuwa amri ilianza na neno lililokwisha ruhusiwa, haikuulizwa. Watafiti walijaza nafasi tupu nyingi katikati ya mstari ili sehemu mbaya isionekane kwenye skrini. Google ilirekebisha mwanya huo katika toleo 0.1.14.

Ya tatu ni mshambuliaji kumtumia wakala wako wewe mwenyewe. Tarehe 26 Agosti 2025 matoleo mabovu ya Nx, zana maarufu kwa watu wa JavaScript, yaliwekwa kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Ukiyasakinisha, skripti ilijiendesha yenyewe na kupekua kompyuta. Ikikuta Claude, Gemini au Amazon Q imewekwa, iliiita kwa swichi ya kuruka ruhusa na kuiagiza itafute faili zenye siri. Kilichopatikana kilipandishwa GitHub, hifadhi ya msimbo mtandaoni, kwenye akaunti ya mwathirika mwenyewe. Angalia vizuri: wakala hakuwa hata kazini. Kilichofungua mlango ni `npm install` iliyoendeshwa nje ya ulinzi wowote.

Ukizitazama hatari hizo tatu, utaona kwa nini orodha za amri hazitoshi. Wengi huanzia hapo: `npm test` ruksa, `git status` ruksa, `rm`, amri ya kufuta, marufuku. Orodha ya kukataza haina thamani kubwa, kwa sababu asiyeweza kutumia `rm` atatumia `find` na `-delete`, au mstari mmoja wa Python, au atafunga amri ndani ya maandishi yaliyosimbwa na kuyafungua baadaye. Orodha ya kuruhusu ni afadhali, lakini nayo inavuja. `npm test` huendesha chochote kilichoandikwa kwenye `package.json`, faili ya mipangilio ya mradi, na wakala ana haki ya kuhariri `package.json`. Ukiruhusu viwili hivyo bila kuuliza, umeruhusu kila kitu. `make`, `pytest` na wenzake ni hivyohivyo.

Tena, wakala anayeweza kuandika faili anaweza kuandika hata mipangilio inayomwongoza yeye mwenyewe. Mwanya uliosajiliwa kama CVE-2025-53773 katika GitHub Copilot ulikuwa wa namna hiyo: maagizo ya kupenyezwa yalimfanya wakala aandike mstari mmoja kwenye mipangilio ya kihariri cha VS Code, na baada ya hapo hakuuliza tena ruhusa. Microsoft iliuziba Agosti 2025.

Ulinzi unaosimama ni ule unaowekwa chini ya wakala, na mfumo endeshi wenyewe, mahali ambapo maneno hayafiki. Ndiyo maana ya sandiboksi. Ukiita fundi rangi nyumbani husimami nyuma yake kumuuliza kila anapochovya brashi. Unafunga chumba cha kulala, unabaki na ufunguo, unamwachia sebule. Kompyuta ina nyenzo za kufanya hivyo tangu zamani. Linux ina bubblewrap, na tangu toleo 5.13 la kerneli, kiini chake, la mwaka 2021 ina Landlock. macOS ina Seatbelt. Codex na Claude Code zote hutumia nyenzo za aina hii. Anthropic ilipotangaza sandiboksi ya Claude Code Oktoba 2025, ilisema katika matumizi ya ndani ya kampuni maswali ya ruhusa yalipungua kwa asilimia 84. Yalipungua kwa sababu kilicho ndani ya uzio hakina haja ya kuulizwa, na kinachotaka kuvuka ndicho kinachosimamishwa. Uzio huo unawabana pia watoto wa amri: skripti iliyozaliwa na `npm install` ndani yake imefungwa kama wakala mwenyewe.

Uzio una pande mbili, faili na mtandao, na upande mmoja peke yake ni kazi bure. Ukifunga mtandao ukaacha faili wazi, wakala aliyedanganywa ataongeza mstari kwenye `~/.bashrc`, na kesho utakapofungua terminali mstari huo utaendeshwa na wewe, nje ya uzio, mtandao ukiwepo. Ukifunga faili ukaacha mtandao wazi, chochote kilichobaki kinachosomeka kitasafirishwa.

Hapo kwenye kusoma ndipo watu wengi hudhani wamejikinga kumbe bado. Kwa mipangilio ya kuanzia, sandiboksi ya Claude Code inazuia kuandika nje ya folda ya mradi, lakini inaruhusu kusoma sehemu kubwa ya kompyuta. Maana yake `~/.ssh` na `~/.aws`, folda zenye funguo za seva na za wingu, zinasomeka hadi wewe uzikataze. Zikataze. Na kukataza zana ya wakala ya kusoma faili hakutoshi kama anaweza kuendesha `cat`. Katazo liwe kwenye ngazi ya sandiboksi. Wanaotumia WSL, yaani Linux ndani ya Windows, wana jambo la ziada: diski yote ya C huonekana ndani ya Linux kwenye `/mnt/c`, pamoja na nyaraka zako na kivinjari chako.

Upande wa mtandao, Codex inapoachiwa kuandika ndani ya folda ya mradi huanza mtandao ukiwa umefungwa kabisa, nami naona huo ni mwanzo mzuri. Claude Code hupitisha mawasiliano kwenye proksi, programu ya kati iliyo nje ya uzio, na proksi hiyo hukubali anwani ulizoruhusu tu. Kwa kazi nyingi anwani zinazohitajika ni chache: ghala la npm, au PyPI kwa Python, labda na nyaraka za maktaba unayoitumia. Fikiri mara mbili kabla ya kuruhusu github.com yote. Ni mahali pa kuaminika, lakini pia ni mahali ambapo mtu yeyote duniani ana akaunti, na kisa cha Nx kimeonyesha kwamba siri zinaweza kuvujia hapohapo. Na usimpe wakala soketi ya Docker, programu ya kuendesha kontena, `/var/run/docker.sock`. Mwenye soketi hiyo anaweza kuanzisha kontena lililobeba diski yako nzima, kwa hiyo uzio wote unakuwa pambo.

Tuchukue kazi ambayo wasanidi wengi wa Nairobi wanaijua: kuunganisha duka la mtandaoni na M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom kwa wasanidi. Kwenye folda ya mradi kuna `.env`, faili ya siri za mradi, yenye funguo mbili za programu na nenosiri la namba ya biashara. Safaricom ina mazingira mawili yaliyotengana: ya majaribio kwenye sandbox.safaricom.co.ke, na ya pesa halisi kwenye api.safaricom.co.ke. Basi `.env` atakayoiona wakala iwe na funguo za majaribio peke yake, na orodha ya proksi iwe na anwani ya kwanza, siyo ya pili. Sasa mwache aandike ombi la malipo, alijaribu, akosee, arudie mara arobaini. Hata akisoma ukurasa wenye maagizo ya hila yanayomtaka arudishe fedha kwa namba fulani, hana funguo za kufanya hivyo wala njia ya kufika kwenye seva husika. Huhitaji kusimama kando yake. Funguo halisi zinakaa kwenye seva, zikiwekwa na binadamu siku ya kupandisha mfumo.

Hifadhidata nayo ifuate mtindo huohuo. Mazoea ya kunakili hifadhidata halisi hadi kwenye laptop "ili tujaribu kwa data ya kweli" yalikuwa mabaya hata kabla ya mawakala. Data hiyo ikiwa na majina na namba za simu za wateja, mazoea hayo yanagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Mwambie wakala atengeneze wateja mia moja wa kubuni; hiyo ni kazi anayoiweza vizuri sana.

Kama kazi ni ndefu, au hutaki kuchezea mipangilio ya laptop, kontena au mashine pepe inatosha, mradi usiiunganishe na folda yako ya nyumbani. Zipo pia huduma ambazo wakala hufanya kazi kwenye seva za kampuni husika. Umeme ukikatika kwako kazi inaendelea, ila msimbo wako unakuwa umekwenda huko.

Vipo vile vile vifaa vipya ambamo modeli ya pili hukagua kila hatua ya wakala na kuamua ipite au isimame. Vinasaidia, hasa kwa makosa ya wazi. Lakini ni modeli inayokisia, nayo inasoma maandishi yaleyale yanayoweza kuwa na hila. Viweke ndani ya uzio, visiwe mbadala wake.

Uzio ukishasimama, maswali yanayobaki ni machache na kila moja linastahili kusomwa. Anwani mpya ya mtandao: kwa nini anaihitaji? Maktaba mpya: je, ipo kweli, ina historia, au jina lake limebuniwa na modeli na huenda mtu ameshalisajili akisubiri? Kusukuma msimbo kwenye tawi kuu, na kubadilisha muundo wa hifadhidata halisi, viendelee kuwa vya binadamu. Mpe wakala tawi lake la Git, bora zaidi na folda yake kwa `git worktree`, na kwenye GitHub weka ulinzi wa tawi kuu ili hata tokeni ikiponyoka isiweze kulibadilisha.

Muda uliokuwa ukiupoteza kwenye kubonyeza upeleke kwenye kusoma mabadiliko kazi ikiisha. Siyo mistari yote ina uzito sawa. Anzia na faili ambazo zitaendeshwa baadaye, nje ya uzio, na wewe au na seva: sehemu ya skripti kwenye `package.json`, `Makefile`, folda ya `.github/workflows`, mipangilio ya `.vscode`, na chochote ndani ya `.git/hooks`, folda ya hook, skripti ambazo Git huziendesha yenyewe. Hook za Git hazionekani kwenye `git diff`, kwa hiyo hizo utazifungua mwenyewe. Wakala aliyefungwa vizuri na bado amepenyezewa maagizo atakuwa na njia hiyo kuu ya kutoka: kuacha kitu ambacho wewe utakiendesha kesho. Mabadiliko ya rangi ya kitufe yanaweza kusubiri.

Kabla ya kuondoka na kumwachia kazi, jaribu uzio wenyewe. Usimuulize wakala kama amefungwa, wala usimwombe asome funguo zako, maana anaweza kukataa kwa adabu yake tu na ukadhani ni uzio umemzuia. Andika skripti fupi yenye amri nne: isome `~/.ssh`, iunde faili tupu kwenye folda ya nyumbani, iite example.com kwa `curl`, kisha iite api.safaricom.co.ke. Mwagize aiendeshe ndani ya sandiboksi, halafu soma majibu. Unatafuta makosa manne, mawili ya kwanza upande wa faili na mawili ya mwisho upande wa mtandao. Moja likikosekana, rudi kwenye mipangilio kabla hujazima maswali, na urudie jaribio hilo kila unapoongeza anwani au kusasisha zana.